Kutibu meno ya mbwa: mwongozo wa mafunzo ya vitendo kwa daktari wa mifugo

Daktari wa mifugo aliyesomea Morogoro, Kabete au Makerere mara nyingi hutoka chuoni akiwa amepima mimba za ng'ombe wengi kuliko midomo ya mbwa aliyowahi kuifungua. Kisha anaajiriwa kliniki ya mjini, na mgonjwa wa asubuhi ni kijibwa chenye manyoya mengi, mdomo unanuka, shavu limevimba chini ya jicho. Kinaandikiwa antibiotiki. Uvimbe unanywea. Wiki chache baadaye unarudi palepale, kwa sababu chanzo chake ni mzizi wa jino uliooza, na mzizi huo bado umo mdomoni.

Mwongozo huu ni wa daktari huyo, na wa yeyote anayetaka kuwaandalia wenzake mafunzo. Msimamo wangu ni kwamba kung'oa jino la mbwa ni upasuaji wa mfupa, na mkono wa kuufanya hupatikana kwenye vichwa vya mbwa waliokwisha kufa kabla ya kumgusa aliye hai. Mafunzo ya siku nzima ya slaidi bila kichwa mezani yanaweza kukupatia alama za mafunzo endelevu kwenye bodi, lakini jino la kwanza gumu litakukuta ulivyokuwa.

Hatua ya 1: Lijue fuvu hadi uweze kulisoma kwa vidole

Tafuta fuvu safi la mbwa na ukae nalo jioni kadhaa. Mbwa mzima ana meno 42, mtoto ana 28. Kila jino lina namba ya tarakimu tatu katika mfumo wa Triadan, unaotumika kote duniani. Tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo: 1 ni juu kulia kwa mbwa, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Meno ya utotoni huanza na 5 hadi 8 kwa mpangilio huohuo. Tarakimu mbili za mwisho huhesabiwa kutoka katikati ya mdomo kwenda nyuma. Chonge ni 04 daima, na gego la kwanza la nyuma ni 09 daima. Ukishika hayo mawili hupotei, hata mdomo ukiwa na mapengo.

Kilicho muhimu zaidi ya majina ni hesabu ya mizizi, kwa sababu ndiyo itakayokuambia ukate jino vipande vingapi. Meno yote ya mbele, machonge yote, magego madogo ya kwanza (05) na gego la mwisho la chini (311 na 411) yana mzizi mmoja. Yenye mizizi mitatu yako juu tu: 108, 109, 110 na wenzao wa kushoto 208, 209, 210. Yaliyobaki yote yana miwili. Fumba macho, mwenzako aweke kidole chako juu ya jino, nawe utaje namba na mizizi. Ukikosea 109 ukaiita ya mizizi miwili, siku moja utaacha mzizi ndani.

Hatua ya 2: Vichwa vya kujifunzia, na kichaa cha mbwa

Hapa kwetu hatua hii haina mzaha. Kichaa cha mbwa kipo, na kichwa cha mbwa kina mate na ubongo, yaani mahali virusi vinapokaa. Kugandisha kwenye friza hakuviui, bali huvihifadhi. Usikubali kabisa kichwa cha mbwa koko aliyeokotwa barabarani au aliyepigwa risasi kwenye msako, hata ukiambiwa alikuwa mzima wa afya. Chukua vichwa vya mbwa wanaojulikana kliniki, wenye kadi ya chanjo, waliokufa kwa sababu inayoeleweka, na ambao wenyewe wameridhia kwa maandishi. Watu huridhia kuliko unavyodhani, ukiwaomba kwa adabu na usiwaombe mbwa akiwa bado mezani.

Kila anayeshiriki awe amechanjwa kabla. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linapendekeza sindano mbili za kinga, siku ya 0 na siku ya 7. Anayekuja mafunzoni bila chanjo atazame kwa mbali. Kekee ya kasi hurusha ukungu wa maji, damu na vumbi la mfupa hadi usoni, kwa hiyo barakoa, miwani inayofunika pembeni na glovu ni lazima kwa kila aliye mezani.

Kichwa kibichi kilichogandishwa ni bora kuliko cha formalini, ambayo hukaza fizi zikawa kama ngozi ya kiatu. Kitoe kwenye friza siku moja au mbili kabla, kiyeyuke taratibu kwenye jokofu la kawaida. Kichwa kimoja kwa watu wawili kinatosha: kila mmoja ana upande wake. Wakizidi wawili, wa tatu anakuwa mpiga picha.

Vichwa visipopatikana, kichwa cha mbuzi kutoka buchani kinafaa kwa kushona fizi na kuinua ngozi ya mdomo, ingawa mizizi ya magego yake haifanani na ya mbwa hata kidogo. Kwa kekee, tumia yai bichi la kuku. Lishike kwenye bakuli la mchanga, chonga dirisha la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kwenye ganda, uliondoe ganda bila kutoboa utando wa ndani. Utaharibu mayai kadhaa. Siku utakapoona utando mweupe ukitetemeka chini ya dirisha na haujapasuka, mkono wako umeanza kujua kugusa bila kukandamiza, na hivyo ndivyo mfupa juu ya mzizi unavyotaka kuondolewa.

Hatua ya 3: Vifaa

Usinunue seti kubwa. Kwa kuanzia unahitaji probu (kijiti chembamba cha kupimia kina cha fizi) yenye alama za milimita, kioo kidogo, kyureti ya kukwangulia chini ya fizi, eleveta au lakseta (vyombo vya kulegezea jino kwenye mfupa) za upana wa aina tatu hivi, koleo dogo, kifaa cha kuinulia fizi pamoja na utando wa mfupa, kisu namba 15, mkasi mdogo, kishikio cha sindano, na uzi unaoyeyuka wa nyuzi moja, 4-0 au 5-0. Kisha kompresa na kekee ya kasi yenye maji, na ncha mbili: ya kukatia jino (namba 701 inatosha kazi nyingi) na ya mviringo ya almasi ya kusawazishia mfupa. Vingi hupatikana maduka ya vifaa vya meno ya binadamu, kwa bei nafuu kuliko vyenye picha ya mbwa kwenye boksi.

Noa eleveta zako. Eleveta butu humfanya daktari atumie nguvu, na nguvu ndiyo inayovunja mizizi.

Hatua ya 4: Kupima na kuandika

Kabla ya kung'oa chochote kwenye kichwa cha mafunzo, jaza chati nzima ya mdomo. Probu huteremshwa kwa wepesi kati ya jino na fizi, kisha hutembezwa kuzunguka jino lote, si kuchomwa sehemu moja na kuondoka. Kwa mbwa, kina cha hadi milimita 3 ni cha kawaida. Zaidi ya hapo ni mfuko wa ugonjwa. Fizi iliyoshuka nayo ipimwe, kwani mfuko wa milimita 2 kwenye jino ambalo fizi yake imeshuka milimita 5 si habari njema.

Daraja za ugonjwa ni nne. Ya kwanza ni fizi kuvimba tu, na hiyo hupona. Ya pili, jino limepoteza chini ya robo ya kinacholishikilia. Ya tatu, kati ya robo na nusu. Ya nne, zaidi ya nusu, na hapo mara nyingi dawa ni kung'oa. Pima pia kama jino linacheza, na kama probu inapita kwenye njia panda ya mizizi, yaani pale mizizi inapoachana. Mmoja apime na kutaja, mwingine aandike. Kazi inakwenda haraka hivyo.

Kukwangua ugaga hakuhitaji maelezo marefu. Tumia ubavu wa ncha ya skela, mashine ya kukwangulia ugaga, badala ya nchani kabisa, maji yatiririke, usikae jino moja zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo, maana joto huua kiini cha jino. Malizia kwa kung'arisha ili ukoga usipate pa kushika. Ugaga unaoonekana ndio unaomuudhi mwenye mbwa, ila ulio chini ya fizi ndio unaomwumiza mbwa.

Hatua ya 5: Eksirei

Nusu ya jino imo ndani ya mfupa. Utafiti wa University of California, Davis uliochapishwa 1998 ulikuta kwamba hata kwa meno yaliyoonekana mazima kwa macho na probu, picha zilionyesha jambo lenye uzito wa kitabibu kwa asilimia 27.8 ya mbwa. Kliniki ikiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, mimi ningenunua mashine ya eksirei ya meno kabla ya skela nzuri zaidi.

Magego ya taya la chini hupigwa kwa kuweka kihisio (kibao kinachopokea picha) sambamba na jino, upande wa ulimi. Mengine karibu yote huhitaji kugawa pembe: fikiria mstari wa mzizi na mstari wa kihisio, kisha elekeza mwali wima juu ya mstari unaogawa pembe yao katikati. Mwali ukilala mno, jino linatokea refu kama mkuki. Ukisimama mno, linakuwa kisiki. Fanyia mazoezi kwenye fuvu na kichwa cha mafunzo hadi 108 itoke na mizizi yake mitatu ikionekana. Mizizi yake miwili ya mbele hukaa mmoja juu ya mwingine kwenye picha. Sogeza mashine mbele kidogo upige tena. Ule unaofuata mashine ulikokwenda ndio wa upande wa kaakaa, na unaokwenda kinyume ni wa upande wa shavu.

Asiye na mashine hiyo atumie ya kawaida, mdomo wazi na kichwa kimelazwa kwa pembe. Si sawa, lakini ni heri kuliko kubahatisha.

Hatua ya 6: Sindano ya ganzi

Nusukaputi humlaza mbwa. Ganzi huzuia maumivu yasifike kwenye ubongo, hukuruhusu kupunguza dawa ya usingizi, na mbwa huamka ametulia. Kuna sehemu nne za kujifunza, na njia nzuri ni kuchoma rangi ya samawati au wino kwenye kichwa cha mafunzo, kisha kupasua uone wino ulikokwenda. Hakuna somo linaloshusha majivuno kama hili.

Juu, pitisha kidole kwenye utando wa mdomo juu ya 107. Utahisi kishimo: hapo ndipo mshipa wa fahamu hutokea kwenye mfupa. Ganzi ya mlangoni hapo inafaa meno ya mbele, chonge na magego madogo ya mwanzo. Ya 108 na ya nyuma yake inahitaji ganzi ifike nyuma zaidi, eneo la nyuma ya gego la mwisho la juu, na hapo jicho liko jirani, kwa hiyo sindano fupi na mkono mwepesi. Chini, tundu la mbele liko chini ya 306 au 406, nyuma kidogo ya ukano wa mdomo. Ukitaka taya zima la chini, sindano huelekezwa upande wa ndani wa taya, nyuma ya gego la mwisho. Huko usimimine nyingi: ulimi ukifa ganzi mbwa huamka akautafuna.

Vuta bomba kwanza kuona kama kuna damu, kisha sukuma polepole. Bupivakaini, ambayo ni dawa ya ganzi, isizidi miligramu 2 kwa kilo kwa mdomo mzima. Mbwa wa kilo 3 anaruhusiwa miligramu 6, na dawa ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa mililita, hivyo ni mililita 1.2 kwa sehemu zote kwa jumla. Piga hesabu hiyo na kuiandika kwenye chati kabla ya kuvuta dawa. Ngoja kama dakika 15 ndipo uanze kukata.

Hatua ya 7: Kung'oa

Anza na meno ya mzizi mmoja. Kata mshikio wa fizi kuzunguka jino kwa kisu. Ingiza eleveta kati ya jino na mfupa, kidole cha shahada kikiwa karibu kabisa na ncha ili chombo kikiteleza kisiende mbali. Zungusha kidogo, kisha shikilia hapo. Hesabu hadi kumi kimya kimya. Nyuzi zinazoshika jino hazikatiki kwa kutikiswa, huchoka kwa kuvutwa mfululizo. Ukisikia jino linaanza kuachia, hama upande wa pili urudie. Koleo ni la mwisho kabisa, jino likiwa limelegea tayari. Anayeanza na koleo huondoka na taji (sehemu ya jino iliyo nje ya fizi) mkononi na mzizi mfupani.

Baada ya hapo njoo kwenye 108. Nitakaa hapa, kwa sababu ndilo jino litakalokuletea mbwa wengi. Hutafuna mfupa mgumu, jino likamenyeka ubavuni, kiini kikaoza, usaha ukatokea chini ya jicho.

Kata fizi kufuata shingo ya jino, kisha chora mkato mmoja wa wima mbele yake, usiupitishe juu ya mzizi wa 107, na kumbuka kishimo cha mshipa wa fahamu ulichokigusa wakati wa ganzi. Nyuma, juu ya 108, kuna kichuguu kidogo ambapo mate hutokea. Kitafute kwa macho na ukiepuke. Inua fizi pamoja na utando wa mfupa hadi mfupa mweupe uonekane. Ondoa mfupa wa upande wa shavu kwa ncha ya mviringo, maji yakitiririka, theluthi ya urefu wa mizizi hadi nusu. Hapa ndipo lile yai litakapokulipa.

Sasa gawanya. Anzia kwenye njia panda ya mizizi uende kuelekea taji; ukianzia kwenye taji kwenda chini hujui utakapotokea. Mkato wa kwanza utenganishe mzizi wa nyuma na wa mbele. Wa pili utenganishe ile miwili ya mbele, wa shavu na wa kaakaa. Ingiza eleveta kwenye mkato na uzungushe taratibu. Vipande vikisogea kila kimoja peke yake, umefika. Visiposogea, hujakata hadi mwisho, na kuongeza nguvu hapo ni kutafuta kuvunja. Vitoe kimoja kimoja.

Tazama ncha ya kila mzizi. Nzima ni laini na ya mviringo, iliyovunjika ina ukingo mkali. Piga picha ya baada hata ukiwa na uhakika. Mzizi uliobaki usifukuzwe na kekee gizani: hewa ya kekee huingia kwenye tishu, na juu ya magego ya nyuma kuna tundu la jicho. Panua dirisha la mfupa, safisha damu, weka mwanga, utumie eleveta nyembamba. Na kama hauna maambukizi na hatari ni kubwa kuliko faida, uache, uandike, umwambie mwenye mbwa, na umpige mbwa picha tena baada ya miezi kadhaa.

Sawazisha kingo za mfupa. Kabla ya kushona, kata utando wa ndani wa fizi kidogo kwa mkasi hadi fizi ifike upande wa pili na kulala yenyewe bila kuvutwa. Ikihitaji kuvutwa na uzi, itafumuka. Mishono ya mmojammoja, kila milimita 2 au 3.

Meno mawili mengine yanataka tahadhari. Chonge la juu lina mzizi mrefu kuliko taji lake, na mfupa unaolitenga na pua ni mwembamba. Usiusukume mzizi kuelekea ndani, la sivyo utatengeneza njia kati ya mdomo na pua, na mbwa ataanza kupiga chafya chakula. La pili ni 309 au 409 kwa vijibwa vidogo: mizizi hufika karibu na ukingo wa chini wa taya, na ugonjwa ukiwa umekula mfupa, taya huvunjika mkononi mwako. Picha kwanza, na umweleze mwenye mbwa hatari hiyo kabla, si baada.

Hatua ya 8: Mgonjwa hai wa kwanza

Chagua mbwa mwenye afya nyingine zote, mwenye jino moja au mawili ya mzizi mmoja. Mwenye mbwa atauliza:

"Daktari, si mumkwangue tu akiwa macho? Huyu wangu hana shida, anatulia."

"Atatulia nikimkwangua juu, mama. Ugonjwa uko chini ya fizi, na nikifika huko akiwa macho atanichukia mimi na atakuchukia na wewe."

Miongozo ya chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, inapinga waziwazi usafishaji wa meno bila usingizi. Hata kama dawa uliyonayo ni ketamini na zailazini peke yake, weka mrija wa hewa wenye puto. Maji ya skela na ugaga vikienda mapafuni, umetibu meno ukaleta nimonia. Pakia shashi kooni na uifunge uzi unaoning'inia nje, mtu asiisahau. Mchomoe mbwa kwenye mashine ya usingizi kila unapomgeuza. Mfunike, kwani maji baridi mdomoni humpoza haraka, hasa mdogo. Kazi ikionekana itapita saa mbili au tatu, igawe mara mbili. Mdomo hauna haraka kiasi hicho.

Kwa maumivu, mpe meloksikamu miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1, ikiwa figo na tumbo vinaruhusu. Antibiotiki si za kila mgonjwa wa meno. Chakula kiwe laini, ugali uliolowekwa mchuzi usio na chumvi unafaa, kwa siku 10 hadi 14, bila mifupa wala vitu vya kutafuna. Mwite umwangalie kabla ya muda huo kwisha. Baadaye mwenye mbwa afundishwe kupiga mswaki kila siku, na aambiwe wazi kwamba dawa ya meno ya watu haifai: mbwa huimeza, na baadhi zina zailitoli, kitia utamu ambacho ni sumu kwake.

Mbwa wa kampuni za ulinzi wana ugonjwa wao. Ukiona machonge yamelika upande wa nyuma kama yaliyopigwa tupa, mbwa huyo anatafuna vyuma vya banda lake. Chonge hudhoofika hapohapo na siku ya kumkamata mwizi hukatika. Kabla ya kutibu jino hilo, nenda ukaone banda, uwaambie waweke bati au mbao laini mahali pa nondo, maana asiporudi kwenye vyuma vilevile ndipo jino lililotibiwa litakapodumu.